Lorenzo wa Masama

Mume wangu Denis aliposema mtoto wetu ataitwa Lorenzo, nilijua hapa kuna mwanamke. Kwetu Masama mtoto wa kwanza wa kiume hatafutiwi jina. Anachukua la babu mzaa baba, basi. Baba mkwe wangu, marehemu, aliitwa Elisaria. Sasa huyu Lorenzo katokea wapi?

"Ni jina la Kitaliano, zuri," Denis akasema. "Nimelisikia kwa wageni."

Yeye hupandisha watalii mlimani, kwa hiyo Waitaliano anawajua. Nami nikaanza kumsaka huyo Mtaliano. Denis akiingia kuoga, napekua simu yake, picha moja baada ya nyingine: wazee na fimbo zao, vijana hoi, mama mmoja mnene anakula ndizi. Hakuna wa kumwonea wivu, na bado sikutulia. Kilichonitia shaka zaidi ni mama mkwe. Mwanamke anayeweza kugombana na mchungaji kwa sababu ya wimbo, leo jina la mume wake linatupwa, naye anasema tu, "Lorenzo si baya."

Jumamosi Denis alishuka Bomang'ombe kununua vitu vya ubatizo, na mama mkwe akaniletea mtori wa ndizi. Nilimwamkia, nikamkabidhi mtoto, nikaanza kunywa. Mtoto akajisugua begani kwake mpaka kofia ikamtoka.

"Ona huyu," akacheka. "Elisaria naye alikuwa hivi hivi. Kofia hataki kabisa."

Nilicheka pia. "Kwani mama, baba mkwe ulimjua akiwa kichanga?"

Alimfunika mtoto vizuri, ingawa alikuwa amefunikwa tayari. Niliweka bakuli chini.

"Mama, Elisaria gani?"

"Kunywa mtori mwanangu, utapoa."

"Elisaria gani?"

"Yuko Kwa Sadala, kwa mama yake," akasema kwa sauti ndogo. "Juzi ametimiza miaka miwili. Denis alishampa jina la baba yake. Tungefanyaje?"

Mimi na Denis tuna miaka minne ya ndoa, na huyu mama ndiye aliyenivisha kitenge siku ile, akaniita binti yake mbele ya watu. Kumbe nilikuwa namsingizia Mtaliano wa watu bure.

Nilimchukua mwanangu mikononi mwake.

"Kesho anabatizwa Elisaria," nikamwambia. "Hilo la Kitaliano mpelekeeni huyo wa Kwa Sadala."