Nyumba Iliyopimwa kwa Tangi

Nyamai alikohoa nyuma ya pazia. Mama Ndinda akavuta leso, akafunika uso wote mpaka kidevuni, halafu akagonga ukuta kwa vidole kumjulisha kwamba yuko tayari. Ndivyo walivyokuwa wamekubaliana, ingawa hakuna aliyewahi kulisema. Mkwe akaingia kinyumenyume, akachuchumaa kumpa mgongo, na mama mkwe akaushika mgongo ule kama mtu anayeshika gunia. Wakatoka hivyo, mmoja akitazama chini na mwingine haoni kitu, wakapita uani mbele ya majirani waliokuwa wakifua, hadi kwenye choo cha wapangaji wote.

"Shika ukuta, Mwaitu," Nyamai alisema akimshusha. Alimwita Mwaitu, mama, kama inavyopasa.

Kisha akaenda kusimama mbali, karibu na kamba za nguo, akipiga mluzi kwa nguvu ili asisikie chochote.

Ukambani mkwe na mama mkwe huepukana. Mkwe akimwona mama kwa mbali anaiacha njia, anajitia kichakani mpaka mama apite. Hawali sahani moja wala hawalali chini ya paa moja. Jambo hilo linaitwa nthoni, ni aibu na heshima vimesukwa pamoja, na vijana wa siku hizi wanalicheka. Mama Ndinda hakuwa kijana wa siku hizi. Na hapa Mtito Andei alikuwa akilala chumba kimoja na mkwewe, wametenganishwa na shuka lililotundikwa kwenye waya. Alimsikia akijigeuza kitandani. Alimsikia akinong'ona na binti yake, na hapo alijiziba masikio akatamani mchanga ule ungemmaliza kabisa.

Mchanga ulimwangukia mtoni, huko kwao Tulia. Mto ulikuwa umekauka, naye alikuwa ndani ya shimo akichimba maji kama wanawake wengine wote. Ukingo ukaporomoka. Walimtoa hai, lakini nyonga iliunga vibaya na miguu ikabaki ya kuburuta. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Nyumba yake ya udongo ikakaa bila mtu mpaka mchwa na mvua wakaimaliza. Ndinda, mtoto wake wa pekee, akamleta Mtito Andei, ambako yeye huwapikia madereva wa malori na mumewe huziba panchari. Ndinda hutoka alfajiri kwenda hotelini. Kiti cha magurudumu alikuwa nacho, lakini hakikupita mlango wa choo. Ndiyo maana kazi ya kumbeba ilimwangukia Nyamai.

"Nitafutie hata banda," mama alimwambia bintiye kila siku. "Mtu asife na nthoni ya mkwe."

Ndinda alitafuta, Mungu ni shahidi. Mwenye ploti mmoja alikitazama kiti cha magurudumu, akauliza kama mgonjwa analia usiku. Mwingine alikuwa na chumba cha chini, kizuri, na choo karibu.

"Lakini hapo si mahali pa watu kama hao," alisema. "Wapangaji wangu watahama. Mpeleke kanisani, kanisa ndio kazi yake."

Basi pasta wa Tulia alipopiga simu kwamba kanisa limeungana na mheshimiwa, mwakilishi wa wodi, kumjengea mama nyumba kwenye shamba la marehemu mumewe, Ndinda alilia jikoni na mwiko mkononi. Pasta akataka kuzungumza na mama mwenyewe.

"Mama, unataka nyumba ya aina gani?"

"Ikae chini kwa chini, pasta. Mlango mpana, kiti kipite. Choo kiwe ndani. Hata kama ni chumba kimoja."

"Mungu wetu si wa chumba kimoja!" pasta alicheka. "Wewe omba tu."

Mama aliomba. Kwa miezi yote ya ujenzi aliomba akiwa na leso usoni, juu ya mgongo wa Nyamai, njiani kwenda na kurudi chooni. Siku akiingia kwake atajipeleka mwenyewe. Nyamai atarudi kuwa mkwe, mtu wa kusalimiwa kwa mbali.

Siku ya kukabidhiwa walikodi gari. Nyamai alikaa mbele na dereva, wanawake nyuma. Walipokata kona ya shamba, Mama Ndinda aliliona tangi kwanza. Lilikuwa jeusi, kubwa kuliko tangi la shule, na juu yake kulichorwa uso wa mheshimiwa akitabasamu, meno yote nje, unaonekana tangu barabarani. Kando yake ilisimama nyumba ya mawe, bati la buluu, nzuri kweli. Ilikuwa juu. Mbele ya mlango kulikuwa na ngazi za saruji, nyingi na kali, zisizo na hata mahali pa kushika.

Aliomba kiti chake kisogezwe kwa fundi Mbithi, aliyekuwa amesimama pembeni na shati jipya.

"Mbithi, hizi ngazi ni za nani?"

"Ni zako, mama. Nyumba si ni yako?"

"Nilisema chini kwa chini."

"Ulisema. Pasta aliniambia." Mbithi alijikuna shingo. "Lakini tangi lilikuja refu. Na gata ya kukinga maji ya bati lazima ipite juu ya mdomo wa tangi, maji hayapandi. So ikabidi tuinue msingi."

"Si mngelichimbia tangi shimo, lizame kidogo?"

Mbithi alitazama uso uliochorwa, kisha akatazama viatu vyake.

"Picha ingezama, mama. Walikataa."

"Na choo?"

"Kiko huko nyuma. Pesa ya choo cha ndani iliingia kwa msingi."

Hasira ilimpanda Mama Ndinda, halafu akawaona wanawake wa Tulia chini ya hema, wale wale waliomfukua mchangani kwa mikono. Walibeba kokoto na maji ya ujenzi huu kwa vichwa vyao, bure. Sasa walikuwa wakimwimbia. Aliona haya kuwa na hasira.

Mheshimiwa alifika akiwa amechelewa, akapokewa kwa nyimbo. Mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Na ni nani atamwingiza mama kwake leo? Si kuna mkwe hapa? Simama, mkwe! Mwanaume wa nguvu kama huyu!"

Vijana wakapiga makofi. Wazee wakaacha kutabasamu. Nyamai alimtazama mke wake, rangi imemtoka.

"Wacheni wanawake wamshike," mzee mmoja alisema. "Huyo ni mkwe wake."

"Mzee, hizo mila ziliachwa msalabani," pasta alisema kwa upole, na watu wakasema amina. Nani angekataa amina?

Nyamai akaja. Akakohoa. Mama akafunika uso, na mkwe akageuka kuchuchumaa, mgongo mbele yake, kama kila siku.

"Hapana, hapana," mpiga picha alisema. "Hivyo uso hauonekani. Mbebe kwa mbele, kama bibi harusi. Na mama atoe hiyo leso."

"Leso ni yake, aachiwe," Ndinda alisema.

"Mama anaona haya!" mheshimiwa alicheka kwenye kipaza sauti. "Toa leso, mama yangu. Leo ni siku yako. Watu waone furaha."

Mkono wa mtu fulani ukaivuta leso. Mama hakujua ni mkono wa nani. Jua likampiga machoni, na Nyamai akamwinua kifuani, mkono mmoja chini ya mapaja yake. Walikuwa uso kwa uso. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba mkwewe ana kovu kwenye kidevu. Alinuka gundi ya panchari. "Nisamehe, Mwaitu," alinong'ona. Akapanda ngazi moja, akasimamishwa ili mpiga picha ajipange vizuri, akapanda nyingine, akasimamishwa tena.

Juu mlangoni wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Kiti cha magurudumu kilibaki chini, kwa kuwa hata kingepandishwa kisingepita mlangoni. Wakampa kipaza sauti.

Alikuwa ametayarisha sentensi moja tu: ngazi hizi sitaziweza. Ilikuwa mdomoni. Pasta akainama sikioni mwake.

"Asiyeshukuru kidogo, mama, hata kikubwa hashukuru. Kuna walemavu wengine wanangoja nyumba kama hii."

"Asanteni," Mama Ndinda alisema. "Mungu awabariki."

Vigelegele vikapasuka. Mheshimiwa akatangaza kwamba tangi si la mama peke yake, ni la kijiji kizima, na ufunguo wa mfereji utakaa kwa mwenyekiti wa kamati. Hapo vigelegele vikazidi maradufu, na mama hakuwalaumu. Maji ni maji.

Watu walipokuwa wakila, Nyamai hakuonekana. Ndinda alimkuta garini, amekaa akitazama barabara, hajagusa nyama. Akarudi kwa mama yake.

"Twende, Mwaitu. Hapa utakaaje?"

"Nyamai anasemaje?"

"Anatazama barabara tu."

"Basi mwambie nimefika kwangu."

"Mwaitu, hizo ngazi..."

"Umeona uso wake, Ndinda? Mimi nimeuona. Siwezi kurudi kulala chumba kimoja na uso ule. Nenda na mume wako."

Wakapatana na jirani, Nzisa, awe anakuja asubuhi na jioni kumshusha, kumpeleka nyuma na kumpandisha tena. Nzisa alikuwa mtu wa maneno machache na mgongo imara. Alikuja asubuhi, akaja jioni, hakukosa hata siku moja, mpaka mvua iliponyesha.

Ilinyesha vizuri, mvua ya kupandia. Mama Ndinda alikaa mlangoni akiyasikiliza maji yakikimbia juu ya bati lake, yakiingia kwenye gata, yakianguka ndani ya tangi. Fundi Mbithi hakukosea, hata tone halikumwagika. Kesho yake mbingu zilikuwa safi, na kila mwanamke wa Tulia alikuwa shambani na jembe, Nzisa akiwa mmoja wao. Nani angemlaumu? Mvua ikikupita Ukambani, umeukosa mwaka.

Jua likapanda. Tumbo lilimsokota mama tangu mapema, akajikaza. Mwenyekiti akaja, akafungua kufuli la mfereji, na nyuma yake wanaume wakafuatana na punda waliobebeshwa mitungi. Wawili walikuwa wakwe wa ukoo wa mumewe. Mmoja alikuwa ameposa binti wa shemeji ya mama juzi tu.

"Mama Ndinda, umeamkaje?" mwenyekiti aliita bila kuinua macho.

"Salama," alijibu.

Wangemaliza, waende. Lakini mitungi ilikuwa mingi, mfereji ulitoa maji polepole, na tumbo halijui nthoni. Akateremka kwenye kiti cha plastiki, akaketi sakafuni, akajiburuta hadi kizingitini. Akaishusha miguu kwa mikono, mmoja mmoja, kwenye ngazi ya kwanza. Akajisukuma. Saruji ikaivuta sketi na kuipandisha juu, na kila alipoishusha kwa mkono mmoja nusura aanguke.

Wanaume wakamwona. Hakuna aliyecheka. Walikuwa watu wenye adabu, watoto wa wazazi wao, wakafanya walivyofundishwa. Wakageuka wote kwa pamoja wakampa migongo, mwenyekiti naye, na mmoja akaanza kupiga mluzi. Maji yaliendelea kutiririka mtungini.

Aliyebaki akimtazama ni mheshimiwa pale kwenye tangi, meno yote nje.

Leso ilikuwa moja. Ingefunika mapaja au ingefunika uso. Mama Ndinda aliifungua kiunoni, akajifunika uso mpaka kidevuni, kisha akanyoosha mkono kuipapasa ngazi inayofuata.