Kura Sita za Daraja la Tolliver

Mimi ni mtu wa maoni, na sioni haya kusema hivyo. Nimeliandikia gazeti la kaunti yetu barua arobaini na moja. Zote zimechapishwa isipokuwa mbili, na kwa hizo mbili mhariri alinipigia simu mwenyewe kuniomba nipunguze makali. Nikiwasha televisheni asubuhi, kikombe cha kwanza cha kahawa hakiishi kabla sijagombana na nusu ya Washington. Wakubwa wale wakiharibu jambo wanaunda tume. Tume ikimaliza wanaunda nyingine ya kuichunguza ile ya kwanza, na mwisho wa yote hakuna anayeulizwa kitu, wakati mimi nikichelewa kulipia kibandiko cha ada ya gari kwa wiki moja nasimamishwa barabarani kama jambazi. Hayo nimeyasema miaka yote, na nitayasema mpaka nizikwe.

Mtu wa namna hiyo ungedhani anajua nani anaamua mambo ya barabara inayopita mbele ya nyumba yake. Ngoja nikueleze.

Daraja la Tolliver limefungwa, huu mwaka wa tano. Ni daraja dogo tu, la kuvukia kijito. Alikuja mhandisi kutoka makao makuu ya jimbo, akazigongagonga nguzo, akaandika kitu, na wiki iliyofuata wakaweka matofali makubwa ya zege pande zote mbili. Mtu wa miguu anapita, gari halipiti. Ukitaka kutoka kwa gari unazunguka mlima mzima kwa barabara ya kokoto, dakika arobaini kama hakuna theluji. Sisi wa bonde hili tumezoea, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba tumezoea.

Mume wangu Delmer alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na miwili hapa hapa Kentucky, na vumbi lote alilokula huko chini bado liko mapafuni mwake. Moyo nao umechoka kuyasaidia hayo mapafu. Februari mwaka huu tulikuwa mezani, tunakula maharage na mkate wa mahindi, akaweka kijiko chini akasema, "Ardith, sijisikii vizuri." Delmer si mtu wa kulalamika. Nilipiga simu, na gari la wagonjwa likafika upande wa pili wa kijito kwa dakika tisa. Niliziona taa zake kutoka dirishani. Likasimama pale pale kwenye zege.

Wahudumu wawili wakavuka kwa miguu na machela juu ya barafu, nusu maili mpaka kwetu, kisha nusu maili kurudi, wamebeba mtu wa ratili mia mbili na mtungi wake wa oksijeni. Mmoja wao, mwanamke, aliteleza darajani akaangukia goti, lakini mpini wa machela hakuuachia. Delmer akapona. Daktari akaniita pembeni akaniambia, "Safari hii mmepona kwa bahati. Itarudi, Bi Ardith, na ikirudi hatakuwa na muda wa kubebwa hivyo." Ndipo nikaanza kwenda barazani.

Baraza la kaunti hukutana Jumanne ya pili ya kila mwezi, ghorofa ya pili ya jengo la mahakama. Kuna sala, kuna kiapo cha bendera, halafu zamu ya wananchi. Unaandika jina na anwani yako kwenye karatasi, ukiitwa unasimama kwenye kipaza sauti, unapewa dakika tatu. Karani anazipima kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ikilia, unakaa, hata kama neno bado liko nusu mdomoni. Na sheria yao nyingine ndiyo iliyokuwa inanitia wazimu: wao hawajibu. Wanasikiliza tu. Ukiwauliza saa ngapi sasa, watakutazama.

Nilikwenda Machi, nikaenda Aprili. Mei nikaenda na barua ya daktari, nikaisoma yote, kisha nikauliza, "Daraja litatengenezwa lini?" Nyanya ilikuwa bado ina sekunde arobaini. Nikaamua kuzimaliza zote nikiwa nimesimama kimya, nawatazama mmoja mmoja usoni. Mmoja akaanza kuchorachora kwenye karatasi. Ilipolia, mwenyekiti akasema, "Tunakushukuru kwa maoni yako, Bi Ardith." Kila mwezi wananishukuru. Shukrani zao zingekuwa zege, saa hizi tungekuwa na madaraja manne.

Siku hiyo sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilimvizia diwani wa eneo letu, Lonnie Stamper, kwenye korido karibu na birika la kahawa. Lonnie ni mnene, mcheshi, anamaliza muhula wake wa nne, na kwenye mazishi huwa yeye ndiye anayebeba bakuli la saladi ya viazi. Nilikuwa mpishi wa shule yetu, kwa hiyo nimempakulia chakula tangu darasa la kwanza.

"Lonnie," nikamwambia, "humo ndani hamna midomo. Huku nje je?"

Akacheka. "Bi Ardith, si unaijua sheria. Tukianza kumjibu kila mtu tutalala humu."

"Mimi siyo kila mtu. Nimekulisha miaka minane. Daraja lini?"

Akamimina kahawa taratibu, akatia sukari, akakoroga. "Nikwambie ukweli?"

"Huo ndio ninaoutafuta tangu Machi."

"Watu hawalitaki."

"Watu gani hao?"

"Wapiga kura. Mwaka juzi tulipata fungu la kutengeneza sehemu moja. Nikaamua liende kwenye barabara ya uwanja wa besiboli. Hakuna mtu hata mmoja wa bondeni kwenu aliyenipigia simu." Akanyanyua kiganja nisimkatize. "Na usinitolee macho. Hilo daraja lako lilipigiwa kura kabisa. Uchaguzi uliopita kuna mtu aligombea dhidi yangu, hana lingine, asubuhi daraja, jioni daraja. Nikamshinda."

"Nani huyo?"

Lonnie akaacha kukoroga. Alinitazama kama mtu anayedhani anataniwa. "Rhonda Gayheart, wa gari la wagonjwa. Nilimshinda kwa kura sita, Bi Ardith. Walihesabu mara mbili, nusura niugue. Alikuwa kwenye karatasi ya kura, mstari mmoja na mimi. Hukumwona?"

Sikumwona. Na sababu ya kutomwona ilinijia pale pale kwenye korido. Karatasi yetu ya kura ina vijiduara vya vyama pale juu kabisa. Ukijaza kimoja, umewapigia wagombea wote wa chama hicho, kuanzia rais hadi mpima maiti wa kaunti, hata kama hujasoma jina la mtu yeyote. Baba yangu alinionyesha nilipotimiza umri: jaza cha juu, tumbukiza, nenda kazini. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na Lonnie ni wa chama chetu. Nilikuwa hata najisifu kwamba sijawahi kumaliza dakika nzima kwenye kile kibanda, wakati wengine wanakodoa macho humo kana kwamba ni mtihani.

Delmer hujaza kijiduara hicho hicho. Mwanetu Keith na mkewe Tammy, vivyo hivyo. Dada yake Delmer, Opal, na mumewe pia. Ndio sisi tunaokula pamoja kila Jumapili. Nikawahesabu mara mbili, kama walivyohesabu wao, na kila mara tulikuwa sita. Tungemchagua Rhonda sisi wa meza moja, Lonnie angekuwa zake mtoni anavua samaki.

Nilikasirika, na kibaya zaidi sikuwa na wa kumkasirikia. Nawajua kwa majina maseneta wa majimbo ambayo sijakanyaga. Nimewaandikia barua, nimewaita waoga gazetini. Na huyu mmoja aliyeshika daraja langu nilimrudisha kazini mwenyewe, bila kuulizwa, halafu nikaja kumfokea kwa dakika tatu kila mwezi kana kwamba ameletwa na mvua.

Nilimkuta Rhonda kwenye kituo cha gari la wagonjwa, analiosha gari kwa mpira wa maji. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, na goti moja lilikuwa limefungwa bandeji nene juu ya suruali. Hapo ndipo nilipomtambua. Nilikuwa nimemwona mara moja tu kwa karibu, usiku ule, na usiku ule sikuwa naangalia nyuso.

"Bi Ardith," akasema, akafunga maji. "Mzee vipi?"

"Yupo. Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa ajili ya goti? Goti si lako."

"Kwa ajili ya kura."

Nikamweleza yote, kijiduara, Jumapili, meza, watu sita. Alisikiliza bila kunikatiza, anafuta mikono kwenye shati. Nilipomaliza akakaa kwenye bampa la gari.

"Unajua nilifika kwako?" akasema. "Oktoba ile, kabla ya uchaguzi. Niligonga kila mlango wa bonde lenu. Nilikuwa nimetoka kumbeba bibi mmoja kwenye hilo daraja, ndiyo maana nikagombea, nilichoka kubeba watu."

"Nilikuwepo?"

"Ulifungua mlango kidogo. Televisheni ilikuwa inapiga kelele huko ndani, na wewe unaijibu. Ukaniambia, 'Nyumba hii tunajua tunavyopiga kura,' ukafunga. Sikufika hata kwenye neno daraja."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka jinsi nilivyorudi kwenye kiti nimefurahi, nikamwambia Delmer nimemfukuza mmoja wa wale wa chama kingine.

"Nilidhani wewe ni mmoja wa wale," nikasema.

"Wale ndio mimi, Bi Ardith," akasema Rhonda. "Nilizaliwa maili mbili kutoka kwako."

Hakusema kwa hasira, afadhali angekasirika. Nikamuuliza kama atagombea tena. Akasema ameshajiandikisha tangu Januari, na kura ni Novemba, ila safari hii hatagonga milango, goti halimruhusu kupanda vilima.

"Kwangu usigonge," nikamwambia. "Kwangu niachie mimi. Nakuletea sita."

Akatabasamu kidogo, akafungua maji tena. "Haya," akasema. "Nitashukuru." Hata neno hilo, nilivyokuwa nimelichoka mwezi huo, kwake lilinifurahisha.

Niliendesha gari dakika arobaini kuzunguka mlima nikipanga maneno. Keith angekubali, yeye humsikiliza mkewe, na Tammy ana akili. Opal na mumewe ningewabembeleza kwa keki ya tufaha. Nilianza na Delmer kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote. Kama kuna mtu mmoja katika Kentucky nzima anayelihitaji daraja lile, ni yeye.

Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, bomba la oksijeni puani. Nilizima televisheni, jambo ambalo lilimshtua.

"Unamkumbuka yule mama aliyekubeba Februari?" nikamuuliza.

"Rhonda. Mtoto wa marehemu Clovis Gayheart. Mtu mwema sana."

"Na Lonnie Stamper?"

"Mjinga tangu kuzaliwa," akasema Delmer.

"Basi sikiliza. Lonnie ndiye aliyeliacha daraja lioze. Rhonda anagombea nafasi yake ili alitengeneze. Novemba ukienda, jaza cha juu kama kawaida yako, sikukatazi. Ila usiishie hapo. Shuka mpaka kwenye diwani, jaza jina la Rhonda. Hiyo moja inahesabiwa kwake, zingine zote zinabaki kwa watu wako. Jina moja tu, Delmer."

Akaliweka bomba vizuri puani. Mashine ya oksijeni ikawa inapumua peke yake.

"Anagombea kwa chama gani?"

"Delmer."

"Nauliza tu."

"Kile kingine."

Akageuka kutazama nje, upande wa kijito. Kutoka pale alipokaa matofali ya zege yanaonekana, meupe, yameanza kuota ukoka.

"Sijawahi, mama," akasema. "Wala baba yangu hakuwahi."

"Ni daraja, Delmer. Halina chama."

"Mimi ninacho."

"Daktari amekwambia itarudi. Ikirudi, gari litasimama pale pale lilipokwama Februari. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Sasa niambie wewe, mwenye akili zako timamu. Siku hiyo utafikaje kwenye gari?"

Delmer akavuta pumzi, ikakwama, akavuta nyingine. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu niliyemuuliza kitu kinachojulikana na kila mtu.

"Rhonda atanibeba," akasema. "Si nimekwambia ni mtu mwema."