Wati Mia Sita

Muuzaji aliniwekea pawa saplai mbili za kompyuta, moja kila kiganja, kama anayenipimia viazi.

“Sikia uzito, kaka,” alisema. “Zote zimeandikwa wati mia sita. Ila hii nyepesi, wati zake ziko kwenye karatasi tu. Ndani hamna kitu.”

Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikimning'inia kifuani, vidole vimejaa makovu ya lehemu. Nyuma yangu wateja wawili walikuwa wametega masikio. Nyumbani kwetu nilikuwa nikiitwa Injinia, kwa sababu ya kozi ya miezi sita na ulimi mrefu, na sasa huyu ananifundisha kupima umeme kwa mkono.

“Mama,” nikamwambia, “umeme haupimwi kwa kilo.”

Wale wawili wakacheka. Nikachukua ile nyepesi. Si kwa sababu ya bei, maana zilikuwa karibu sawa. Niliichukua kwa sababu yeye alisema nisiichukue.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya dada yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa na chumba cha darizi, mashine nne zikinguruma toka asubuhi, na michoro yote aliyoibuni kwa miaka kumi na mmoja ilikaa ndani ya kompyuta hiyo: majani, ndege, herufi za majina ya maharusi na ya watoto wachanga. Pawa saplai ya zamani ilipokufa, watu walimtajia mafundi. Akakataa. “Nina Injinia wangu,” aliwaambia.

Wiki ya tatu akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. “Imetoa moshi.”

Nilikuta madirisha yote yamefunguliwa na harufu ya plastiki imeganda kwenye vitambaa. Diski iliyotunza michoro yote ilikuwa imekufa kabisa. Nikaifungua pawa saplai juu ya meza ya kukatia. Kwenye bodi yake kulikuwa na vitundu na herufi za kuonyesha vipuri vya kinga vikae wapi, ila vipuri vyenyewe havikuwepo. Havikuwahi kuwekwa. Nikarudisha kifuniko upesi, kama mtu anayejisitiri.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. “Imekuwaje, mdogo wangu?”

Uongo sikuutafuta. Pasi ilikuwa pale pale, bado ina joto.

“Pasi huwa unachomeka wapi?”

“Hapo, kwenye ekstensheni hiyo hiyo ya kompyuta.”

“Basi,” nikasema.

Neno moja tu, naye akalimalizia mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha mashine, akatazama mikono yake, akasema, “Nisamehe. Nimeharibu kazi yako.”

Kazi yangu. Mimi ndiye niliyeombwa radhi.

Pawa saplai iliyofuata niliinunua duka jingine, mbali, nikachagua nzito kuliko zote. Dada akaanza kuchora upya kwa penseli, akikumbuka tawi baada ya tawi. Ilimchukua miaka miwili. Kuna ndege mmoja, mwenye shingo iliyogeuka nyuma, alimjaribu mara nyingi akashindwa, mwisho akaacha kumtaja. Mara kadhaa nilifika hapo nikiwa nimeyapanga maneno. Alinikaribisha chai, tukaongea mengine.

Hayo yamepita miaka kumi na sita. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikakuta mshonaji mpya, mama mtu mzima, anauliza kwa nini kompyuta ina soketi ya peke yake ukutani.

“Ni ujinga wangu, shoga,” dada akamjibu, akicheka bila kuinua macho kwenye kitambaa. “Niliwahi kuunguza kazi yangu yote kwa mkono wangu mwenyewe. Muulize mdogo wangu huyu, alikuwepo.”

Yule mama akanigeukia.

“Ni kweli,” nikasema.

Dada akanisogezea kiti.