Maharage ya Bibi wa Mafiga

"Inama kidogo, Bibi. Wageni wanaingia," alisema Mpishi Mkuu, mikono kiunoni kama mwenye shamba.

"Nikiinama, chungu kitaepuliwa na nani? Na kofia yako?"

Bibi huyo alikuwa na miaka arobaini na tisa, mgongo umenyooka kama mchi, na hakuwa na mjukuu hata wa kuazima. Lakini hoteli ilitaka bibi. Miezi minane iliyopita walimtoa kijijini, ng'ambo ya uzio, wakamketisha bustanini kwenye kigoda mbele ya mafiga matatu, wakamfunga kilemba kilichomshuka hadi kwenye nyusi. Watu wa mjini waliokuja kupumzika siku mbili tatu walitaka chakula cha shamba, na kwa mujibu wa Meneja, chakula cha shamba hakinogi kama mpishi hana makunyanzi. Getini wakaandika kwa rangi nyekundu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye bado alikuwa anasubiri kupona.

Kazi yenyewe hakuifanyia mzaha. Maharage aliyachambua punje kwa punje, akayaloweka, akayabandika asubuhi kwa kuni kavu, akiongeza maji ya moto tu, maana ya baridi huyafanya yanune. Chumvi huja mwisho kabisa. Ukiitanguliza, yanagoma kuiva. Hayo alifundishwa na mama yake, kwa maneno machache na mwiko mwingi.

Sasa mama yake alikuwa hatoki kitandani, na mshahara wa kigoda ndio uliomlisha. Kila jioni mama aliuliza swali moja: wageni wamekula? Naye alijibu kwamba wamekula, mama, wameramba hadi vidole.

Siku hiyo, dakika ya chumvi ndiyo Mpishi Mkuu aliyoichagua kuja kugombana. Alilalamika kwamba anakaa kama mke wa mwenye hoteli, hatii huruma hata kidogo. Yeye akamjibu kwamba ameajiriwa kupika, si kufiwa. Wakavutana hivyo hadi wageni wakafika, wakakoroga chungu mmoja mmoja na kupigana picha, kisha mhudumu akakibeba na kutokomea nacho kwenye mlango wa jiko. Mlango ule hakuruhusiwa kuuvuka. Yeye alihesabiwa mtu wa bustani.

Ndipo akaiona chumvi. Ilikuwa kwenye kifuu chake, haijaguswa.

Alikuwa amepikia harusi, amepikia matanga, na hakuna aliyewahi kuomba chumvi mbele ya chungu chake. Alikaa akisubiri kuitwa, akipanga maneno ya kuomba radhi, na kwake kuomba radhi ni kama kumeza mfupa. Aliyekuja ni mgeni mmoja mwenye kofia pana, mama ambaye kwa umri angeweza kumzaa.

"Bibi yangu," alisema akijifuta midomo, "maharage yako matamu. Na chumvi imekaa pale pale inapotakiwa."

Bibi wa Mafiga akamtazama. Akakitazama kifuu. Akashukuru, kwani adabu haina likizo, kisha akainuka na kuzunguka nyuma ya jiko.

Huko alimkuta shemeji yake, mtunza bustani, akimimina maharage ya chungu chake kwenye beseni la mbwa. Yalikuwa bado yanatoa mvuke.

"Tangu lini, shemeji?"

"Tangu siku ya kwanza." Hakuinua macho. "Mbwa wa getini wamenenepa hadi kubweka wanaona taabu. Ulidhani ni uzee?"

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Ndani, sufuria kubwa ya maharage ilikuwa juu ya moto wa gesi, na pembeni vyungu vidogo vipya vimepangwa mstari, havina hata alama ya masizi. Mpishi Mkuu alitokea akifuta mikono. Hakukana. Alizungumzia moshi, majivu, matumbo laini ya watu wa mjini.

"Hukuajiriwa kupika," alimaliza. "Umeajiriwa kuonekana. Na ng'ambo ya uzio mabibi wamejaa, tena wanajua kuinama."

Bibi wa Mafiga alikichukua chungu chake kwa shemeji. Alikiosha, akarudi kwenye mafiga na kuyabandika maharage ya jioni. Shemeji alipita na reki yake akamnong'oneza kwamba asitafute ubaya, amfikirie mgonjwa nyumbani.

"Sikuutafuta. Wenyewe umenikuta nimekaa kwenye kigoda."

Jua lilipoanza kulegea, wageni walirudi na simu zao. Maharage yalikuwa yameiva, mchuzi umeshikana. Alichukua kifuu, akatia chumvi taratibu, kila mtu akiona, akakoroga mara tatu. Mhudumu akasogea na kitambaa cha kushikia chungu. Bibi alimtazama tu, naye mhudumu akasimama.

"Mama," alimwita yule wa kofia pana, "lete kiganja."

Kutoka jikoni Mpishi Mkuu alikuwa anakuja, kwanza akitembea, kisha mbiombio, kofia mkononi, akijaribu kuwatabasamia wageni. Yule mama aliyapuliza maharage kiganjani, akatia mdomoni, akatafuna. Akaacha kutafuna. Polepole akageuza uso, akautazama mlango wa jiko.

Bibi wa Mafiga alikuwa ameshachota tena. Mwiko ulining'inia juu ya chungu, ukidondosha mchuzi, ukingoja kiganja cha pili.