Lifti Isiyotosha Jeneza

Bwana Tingle, msimamizi wa mazishi, aliipima lifti mara mbili, kisha akarudi sebuleni kwa mjane, Winifred Staniforth, uso umemsawijika.

"Mama, jeneza haliingii likiwa limelala. Itabidi tumsimamishe kidogo."

"Thubutu!" alisema Winifred. "Horace amesimama mbele ya tanuru la chuma miaka arobaini. Leo analala."

Mabingwa waliochora jengo lile jipya la Sheffield walifikiria kila kitu: choo cha ndani, maji ya moto, hata ujia mpana wa kupita mbele ya milango ya ghorofa ya nane, uwe badala ya mtaa wa zamani wa wakazi uliobomolewa. Kufa tu ndiko walikokusahau. Ngazi nazo zilipindapinda, hata kabati halikupita. Winifred alilia kwa hasira. Maiti wa kwao hutoka kwa mlango wa mbele, kwa heshima, majirani wakiona. Na yeye tangu ahamie hapa hakujua ana majirani gani.

Doreen wa mlango wa pili, aliyeleta mikate ya wafiwa, akadakia: "Kwani muuza maziwa anapandaje na kigari chake?"

"Anapandaje?" aliuliza Tingle.

"Hapandi! Jengo liko ubavuni mwa kilima: paa limenyooka, kilima ndicho kinachopanda. Ufuate ujia huu mpaka mwisho, unakanyaga barabara ya juu. Mzee mzima, umezika nusu ya mji na hili hulijui?"

"Ni mbali, mama. Na kuna madaraja matatu ya kuvuka kati ya majengo."

"Mabega yapo," alisema Doreen.

Wakamtoa. Wanaume sita walibeba, na kwenye kila daraja wengine sita wakajitokeza kupokezana. Mapazia yote ya madirisha yalikuwa yamefungwa kwa kuomboleza. Watu walisimama milangoni, kofia mkononi. "Kwaheri, Horace," alisema mmoja. "Alinizibulia bomba," alisema mwingine. Mlango baada ya mlango walimtaja kwa jina, na Winifred akaona haya, kwa kuwa watu hao miaka miwili alikuwa amewapita bila salamu.

Barabarani Tingle alifungua mlango wa gari la mazishi, lililokuwa limezungushwa hadi huko juu. "Ingia, mama."

Winifred aligeuka. Ujia mzima ulikuwa umemfuata, na Doreen mbele, bado na aproni.

"Hawa je?"

"Gari ni moja tu, mama."

"Basi liende polepole," alisema Winifred, akamshika Doreen mkono. "Mimi natembea na wenzangu."