Kumpeleka Bero Kwao

"Usiguse hiyo swichi," Chrispinus alisema bila kugeuka.

Sydney aliurudisha mkono mfukoni. Alikuwa wa kwanza kuingia chumbani, na kitu cha kwanza alichokitafuta kwa macho kilikuwa soketi, maana walikuwa wamekuja kuchukua mashine ya gemu, si kumjulia mtu hali. Nyuma yake aliingia Bramwel, mwenye duka la kinyozi karibu na stendi, kisha Sylvia wa duka la dawa, ambaye alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, huku mtaa wa Maraba mjini Kakamega, kitanda upande huu na jiko upande ule. Watu watatu waliposimama ndani yake, kilijaa.

Kwenye runinga, mtu mwenye koti la kijivu alikuwa akipita katika nyasi ndefu. Begani alikuwa amembeba mtu mwingine, kichwa chini, mikono ikining'inia.

"Umebeba nani hapo?" Sylvia aliuliza.

"Bero."

"Bero gani?"

"Yule kijana tulianza safari naye. Aliyeangukiwa na mawe korongoni."

Sydney alianza kucheka, akaacha alipoona anacheka peke yake. "Buda, tumekuachia mashine wiki tano. Wiki tano, na bado unatembea na maiti?"

"Nampeleka kwao," Chrispinus alisema.

Mashine ilikuwa ya wote wanne. Waliinunua kwa kuchanga, na tangu hapo ilikuwa ikizunguka: kila mmoja anakaa nayo mpaka amalize gemu, kisha inahamia kwa mwenzake. Jumapili alasiri walikutana chumba cha nyuma pale kwa Bramwel kusimuliana. Aliyemaliza aliketi ndani na kueleza ilivyokuwa, alikufia wapi, alimpiga vipi adui wa mwisho, na kama mwisho wenyewe ulimpendeza au aliona amechezewa akili. Asiyemaliza alitoka nje, asije akapunguziwa utamu. Hawakuwa na sheria nyingine.

Kwa gemu hii, iliyokuwa na jina refu la Kizungu na wao wakaiita Mlima kwa sababu ya picha ya kwenye kasha, Chrispinus alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Jumapili baada ya Jumapili aliketi nje kwenye benchi, akila njugu na kusikiliza kicheko cha wenzake kikipenya mbao. Hakuna kinachomfanya mtu mzima ajione mtoto kama kicheko cha watu anaowajua kikitoka upande wa pili wa ukuta. Leo alikuwa ameahidi kukabidhi mashine na kuketi ndani. Badala yake hakutokea kabisa, simu hakushika, ndipo wakaamua kumfuata.

"Hebu nielewe," Bramwel alisema, akijikalisha kitandani polepole kama mtu anayejua kitanda si chake. "Gemu inakwambia umpeleke?"

"Haisemi."

"Kuna zawadi ukimfikisha?"

"Sijui. Sidhani."

"Mimi nilivua buti zake nikaenda," Sydney alisema. "Zilikuwa zinafanyanga mtu akimbie vizuri. Nilimaliza siku nne. Lile jitu la mlimani nililigonga—"

"Hajamaliza," Sylvia alimkatiza. "Usimharibie."

Sydney akanyamaza, na hilo lilimgharimu, kwa sababu jinsi alivyoligonga lile jitu ndiyo ilikuwa hadithi yake bora, na alikuwa akiitia chumvi kidogo kila Jumapili.

"Mimi nilisimama kidogo pale," Bramwel alisema. "Alipokufa. Nikaona si vizuri kuondoka hivyo tu. Halafu mbwa mwitu wakaja, nikaondoka."

Sylvia alikuwa ameegemea ukuta, macho kwenye runinga. "Mimi hata sikujua ana jina," alisema. "Nilidhani ni mtu wa kubeba mizigo."

"Alikuwa anaimba," Chrispinus alisema. "Vibaya, lakini alikuwa anaimba. Na ukisimama naye karibu na moto anakwambia mambo ya kwao. Nyumba iko na mlango wa bluu. Mama yake anafuga bata."

Wote watatu walikuwa wameipita mioto hiyo mbio. Hakuna aliyekuwa amesimama.

Baada ya Bero kuanguka, gemu huchora mshale wa kukuonyesha mbele, na mchezaji mwenye akili zake huufuata. Chrispinus aliutazama mshale ule kwa muda akaona hawezi. Waliotengeneza gemu walikuwa wameweka namna ya kumbeba mtu aliyekufa, ili mchezaji aweze kuwaficha walinzi aliowaua, basi. Yeye akambeba Bero, akaupa mshale mgongo, akarudi walikotoka. Mara ya kwanza alifika nusu ya njia, akasevu, akazima mashine akalala. Alipoiwasha, koti la kijivu lilikuwa limesimama palepale kwenye nyasi, bega tupu. Gemu haikumbuki maiti. Akarudi nyuma kabisa, akaanza upya, akampoteza tena vilevile. Safari hii ya tatu mashine ilikuwa haijazimwa tangu Ijumaa. Alikwenda kazini akiiacha inapumua joto juu ya stuli, runinga imezimwa, Bero amelazwa chini ya mti fulani wa kwenye gemu, na siku nzima kazini alikuwa na wasiwasi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Sasa adui wake alikuwa dirishani. Upande wa msitu mawingu yalikuwa yamekwisha kuwa meusi, na hakuna mtu wa Kakamega asiyejua mvua ya alasiri na stima hazikai nyumba moja. Umeme ukikatika hata kwa kupepesa jicho, Bero amepotea nao.

"Nipeni nusu saa," alisema. "Nikifika, mnachukua."

"Na stima ikienda?" Sydney aliuliza.

"Ikienda, chukueni tu. Sitaanza tena."

Alilisema hilo bila kupandisha sauti, na Sylvia, aliyezoea kusikia wagonjwa wakisema hawana maumivu makali, akajua anamaanisha. Aliketi chini kwenye mkeka. Baada ya muda Sydney naye akaketi, huku akinung'unika kwamba yeye ana kazi zake.

Chrispinus ni fundi wa majeneza, mkabala na hospitali, pale mafundi walipojipanga kando ya barabara. Mbao za saiprasi, randa, msasa, vanishi, kitambaa cheupe cha ndani, na kile kidirisha cha kioo cha kumwonyesha mtu uso. Watu humjia wakiwa wameshikana mikono, wanamwonyesha urefu kwa kuinua kiganja hewani, na yeye hukubali kiganja hicho wala hawaulizi zaidi. Kisha jeneza linapakiwa kwenye gari lenye utepe mwekundu na linaondoka, kwenda Shianda, kwenda Musanda, kwenda Lugari kwenye mashamba ya mahindi. Aliyenunua kabati hurudi kulalamika kuhusu bawaba. Wa jeneza harudi. Katika miaka yote ya kazi yake, Chrispinus alikuwa ameaga masanduku yasiyo na idadi na hakuwa ameona hata moja likipokelewa, isipokuwa ya watu wa kwao Malinya, na hayo ni mengine. Jambo hilo lilimuuma. Hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa angesema nini? Kwamba fundi anataka kualikwa matangani?

"Si huko," Sydney alisema ghafla. "Hiyo njia iko na daraja limevunjika. Utafika urudi. Shukia kulia, kuna mahali maji ni machache."

"Kulia wapi?"

"Hapo kwa jiwe. Eeh. Hapo."

Koti la kijivu liliteremka. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, na mikono ya Bero ikawa inaburuzika juu ya mkondo. Mwendo ukawa wa polepole sana.

"Bero," Chrispinus alisema kwa sauti ya chini, "tunavuka mto."

Sydney alimtazama Bramwel ili wacheke pamoja. Bramwel alikuwa amevua kofia. Alipoona anatazamwa alijitia anajipepea nayo, ingawa upepo wa mvua ulikuwa tayari unaingia mlangoni na hakuna aliyesikia joto.

Ng'ambo ya mto walitokea mbwa mwitu watatu. Chrispinus alilazimika kumshusha Bero ili achomoe upanga, na kwa haraka akamwacha aanguke vile ilivyotokea, uso kwenye matope.

"Aki, si hivyo, Fundi," Sylvia alisema.

"Wananiuma, Sylvia."

"Wamalize basi, umgeuze."

Akawamaliza. Si kwa ustadi: Sydney alifumba macho mara mbili kwa uchungu wa kuona upanga ukipiga hewa. Lakini mbwa mwitu walilala, na Chrispinus akamwinua Bero tena, safari hii akizungukazunguka mpaka alipopata upande ambao kichwa hakikuning'inia sana. Gemu haikuwa imepangwa kujali jambo kama hilo, kwa hiyo ilimchukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

Radi ilipiga karibu. Balbu ilififia, ikawa kama kaa la moto, na runinga ikaingia giza. Bramwel akasema neno moja la Kiluhya ambalo huwa halisemi mbele ya wateja. Lakini stima haikuwa imekatika, ilififia tu: balbu ikarudi, runinga ikawaka, na pale chini taa ndogo ya mashine ilikuwa bado inawaka bluu bila kutikisika. Koti la kijivu lilikuwa limesimama na mzigo wake begani.

"Enda, enda," Sydney alisema. "Usisimame. Kunja pale kwa ua."

Kijiji kilikuwa nyumba sita. Wote wanne walianzia gemu hapo, na watatu waliondoka bila kugeuka. Mlango mmoja tu ulikuwa wa bluu. Mbele yake palikuwa na dimbwi, bata kadhaa, na mwanamke mwenye kitambaa kichwani akitembea kutoka dimbwini hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi dimbwini. Juu ya kichwa chake gemu ilikuwa imeandika kwa Kizungu kwamba ni mwanamke mzee, haikumpa jina.

"Mama Bero," Sylvia alisema, na tangu hapo akawa na jina.

Chrispinus alimsogelea, akasimama mbele yake na mtoto wake begani. Yule mama aligeuza uso, akafungua kinywa, akasema kwa kile Kizungu cha kwenye gemu maneno ambayo labda alimwambia kila mpita njia tangu siku ya kwanza: kwamba mwanawe yuko safarini, na kwamba ukikutana naye umwambie mlango haujafungwa.



"Mbonyeze tena," Bramwel alisema.

Akabonyeza kitufe tena. Mwanangu yuko safarini. Ukikutana naye, mwambie mlango sijaufunga. Aliyasema kwa uchangamfu, na bata mmoja akapita kati ya miguu yao.

Si kwamba Chrispinus alitarajia kilio, wala kaburi, wala ngoma za isukuti za matangani. Alijua anacheza na nini. Lakini alikuwa amedhani, mahali fulani moyoni asipofika yeye mwenyewe, kwamba anayebeba akifika, anayengoja ataona. Alibonyeza kitufe cha kushusha. Bero alilala mbele ya mlango wa bluu, chali, na kwa mara ya kwanza mikono yake iliangukia kifuani.

Mama Bero alitoka dimbwini kuelekea mlangoni kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akafika miguuni pa mwanawe, akasimama. Hakurudi dimbwini. Alisimama tu, uso chini.

"Ni njia imezibwa," Sydney alisema. "Wamempanga atembee hapo mpaka kwa mlango. Sasa hawezi kupita."

"Tunajua," Sylvia alisema.

Bramwel alikohoa. "Sasa hapo tuseme amemaliza?"

"Bado jitu la mlimani," Sydney alisema, lakini hakulisema kwa nguvu.

"Mimi nimemaliza," Chrispinus alisema. Aliiweka pad ya kuchezea sakafuni. "Mashine ni yenu."

"Basi simulia," Sylvia alisema. "Ukimaliza si unasimulia?"

Alifikiri. Jumapili zote zile kwenye benchi alikuwa ameandaa maneno, jinsi atakavyowavunja mbavu hata Sydney akose la kuongeza. Yote yalikuwa yamemtoka.

"Nimemfikisha kwao," alisema.

Walingoja kama kuna zaidi. Sydney ndiye aliyekuwa karibu na soketi, na mkono wake ulikuwa juu ya goti, hauendi popote. Kisha mvua ikaanguka juu ya mabati yote ya Maraba kwa pamoja, kwa kishindo kile kinachomfanya mtu asijisikie hata akiongea. Kwenye runinga Mama Bero aliinua uso kidogo, akautazama mwili tena, na akaanza kusema bila mtu kubonyeza kitufe. Sauti yake haikuwafikia. Waliona midomo tu, ikienda.