Vidole vya Nyumba ya Mumbua

Siku Kivuva alipoiona seli yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, nusura aiamkie. Alikuwa amekwangua ndani ya shavu kwa kijiti, akapaka ute kwenye kioo, akaudondoshea aidini, kisha akainamia hadubini ya pekee katika shule yao ya bweni pale Kitui. Kilichomtazama kutoka chini kilifanana na yai lililokaangwa vibaya, lenye doa jeusi katikati.

"Hilo doa ni kiini," alisema Mwalimu Nzomo. "Humo mna kromosomu zako. Nusu umepewa na mama, nusu na baba. Na ni hivyohivyo kwenye ini, kwenye ngozi, mpaka kwenye kisigino."

Darasa zima liliandika. Kivuva hakuandika. Huyu ndiye aliyewahi kuivalisha mifupa ya maabara kofia ya mwalimu mkuu, kisha akasimama mbele ya kamati ya nidhamu kuomba mifupa ile ipewe wakili. Leo aliganda kwenye hadubini hadi foleni ikaanza kunung'unika. Kumbe yule mtu alikuwa humu siku zote! Amehamia bila kubisha hodi wala kujitambulisha.

"We, toka! Na sisi tuone mashavu yetu," Amin akamsukuma. Amin alikuwa mtoto wa muuza vitambaa wa mjini, na ndiye aliyelala kitanda cha juu yake.

"Namtazama baba," Kivuva akajibu kwa sauti ya mazishini.

Kutokuwa na baba hakukuwa aibu kwao. Susu Mumbua wa Mukuyuni, kule Makueni, bibi yake, alimzika mumewe kabla hawajapata mtoto. Akafanya walichofanya wanawake wa Ukambani waliofikwa na hayo: alipeleka mahari kwa kina Muthoki, akamwoa Muthoki awe iweto, mke wa kuizalia nyumba yake. Mwanamume wa kusaidia alipatikana kimyakimya, na kimyakimya akaachwa huko alikotoka. Kivuva alipozaliwa akapewa jina la marehemu, na tangu siku hiyo susu alimwita "mume wangu" na kumdai kuni kama mume.

Shida ilikuwa vidole. Kidole cha pili na cha tatu cha kila mguu wa Kivuva vilikuwa vimeungana hadi karibu na kucha. Vya Muthoki, mama yake, vilikaa mbalimbali kama majirani waliogombana. Na Mwalimu Nzomo alikuwa ameeleza kwamba sifa kama hiyo mzazi mmoja tu anatosha kuitoa, na kwa kawaida yeye mwenyewe huwa nayo. Mahali fulani, basi, kulikuwa na mwanamume mwenye miguu ya Kivuva.

Likizo ya Pasaka ilipofika alimjaribu susu. "Susu, hivi vidole vyangu vilitoka wapi?"

"Kwangu," susu akasema, akiendelea kupepeta dengu. "Mimi ndiye niliyetoa ng'ombe. Kila kilichotoka tumboni mwa Muthoki ni changu, mume wangu, na vidole vikiwemo." Akauweka ungo chini. "Atakayekuja kudai vidole, kesho atadai mguu. Keshokutwa atakuchukua mzima. Mimi nitabaki na nani?"

Kivuva hakuuliza tena. Lakini hamu haikutoka. Aliposikia sauti ngeni njiani alichungulia, akaangalia uso, kisha viatu, na viatu havikumwambia kitu.

Kanisa lao lilikuwa na ibada ya kuoshana miguu wiki ya Pasaka, na washirika wa makanisa jirani, hata wa Emali, walikusanyika Mukuyuni. Amin, alipodokezewa kabla ya kufunga shule kwamba Kivuva angekagua miguu ya wanaume hapo, alikuwa amecheka hadi akashika nguzo ya kitanda. "Sisi tunatawadha kila siku mara tano, na sijaona mtu akitafuta baba pale bombani!"

Kivuva alijitolea kuwaosha wanaume wote.

"Kijana huyu ameguswa," mchungaji akatangaza, na upande wa wanawake susu akajipangusa machoni kwa ncha ya leso. Kivuva akapita na beseni kutoka benchi hadi benchi, na uso wa malaika na macho ya askari wa forodha. Aliosha visigino vilivyopasuka kama shamba la kiangazi. Aliosha dole gumba lililoumbwa kama kiazi kitamu. Vidole vyote vilikuwa vimeachana.

Mwisho wa benchi alikaa Kiema, fundi wa mashine za kusaga unga kutoka Emali, mtu mrefu aliyekuwa bado na viatu.

"Mimi niruke, kijana. Nina mafua."

"Mafua ya miguuni, mzee?"

Wanaume wakacheka. Kiema akafungua kamba polepole, akavua soksi, akatumbukiza miguu majini.

Kivuva alikuwa na hotuba. Ilianza, "Mzee, kwa niaba ya sayansi," na alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya Amin, kwa vishindo vyote. Sasa hakukumbuka hata neno. Ndani ya maji kulikuwa na vidole vyake mwenyewe, vilivyozeeka. Aliinua macho. Kiema hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama upande wa wanawake, ambako susu alikaa wima, mikono mapajani, hapepesi jicho.

Neno moja tu, na kikongwe yule angetoka kanisani bila mtu.

Kivuva akaosha. Akaosha kuliko alivyowaosha wengine, hadi maji yakapoa.

"Kaa," Kiema akasema. "Aliyeosha naye huoshwa."

Akapiga magoti. Akamwosha, kisha akachukua kitambaa, na hakupangusa juujuu kama wengine. Alikunja ncha, akaipitisha chini ya vile vidole vilivyoungana, penye mkunjo, mahali ambapo Kivuva alidhani hakuna ajuaye kuwa pana.

"Hapa pakibaki na maji panachubuka," alisema kwa sauti ndogo. "Kausha kwa chini. Mvua ikinyesha, usivae kiatu kabla ya hapo."

"Umejuaje, mzee?"

Kitambaa kikasimama. "Wewe ni wa nyumba ya Mumbua," Kiema akasema. "Mtunze." Akakifinya kitambaa, akavaa soksi, akarudi mahali pake.

Njiani kurudi nyumbani susu alimshika mkono. "Umeosha wengi leo, mume wangu. Hukuchoka?"

"Nimechoka, susu."

"Kuna kitu ulipata?"

Kivuva aliutazama mkono ule mkavu ndani ya wake. "Niliosha tu."

Susu hakumwachia mkono hadi mlangoni.

Shule zilipofunguliwa mvua ilikuwa bado inanyesha Kitui. Amin alimvamia hata kabla sanduku halijaingia chini ya kitanda. "Haya, mheshimiwa! Ulimpata?"

"Mafua ni mengi sana Makueni," Kivuva akajibu kwa uzito wa daktari. "Uchunguzi umefungwa."

Akaketi kitandani, akavua viatu vilivyolowa. Alikunja ncha ya taulo, akaipitisha kwa chini, penye mkunjo, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akarudia ule wa kulia, ingawa ulikuwa umekauka.